Lufu Tutaifanyia Wapi?

Kila mtu mwenye jina anapochomwa nchini Kenya badala ya kuzikwa, sisi Waluhya wa magharibi mwa nchi huanza kuhubiriwa. Ilikuwa hivyo Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alipoteketezwa katika tanuri la Kariokor, Nairobi, mwaka 2011, ndani ya jeneza la magugu-maji, mafunjo na mianzi, kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Ikawa hivyo kwa mwanasiasa Kenneth Matiba mwaka 2018, na mwaka uliofuata kwa Bob Collymore, mkuu wa Safaricom, na kwa Ken Okoth, mbunge wa Kibra, ambaye jamaa zake walivutana kwanza. Mahubiri hayabadiliki. Tazameni wenzenu, tunaambiwa: hakuna ng'ombe wa kuchinja, hakuna kamati ya mchango, hakuna basi la kukesha barabarani kutoka Nairobi, na shamba limebaki zima. Kisha mtu anamalizia kwa kicheko kwamba Waluhya wanapenda matanga kuliko wanavyopenda wagonjwa wao.

Mimi ni Mluhya wa Kibukusu kutoka Sirisia, na kicheko hicho nimekizoea. La gharama sitalibishia. Familia huuza hata ng'ombe wa maziwa ili kumtoa mtu mochari, na disko matanga, zile ngoma za usiku wa msiba, ni aibu tupu. Lakini anayedhani Mbukusu anaukataa moto kwa sababu ya sahani ya wali na nyama hajawahi kukaa nasi mpaka siku ya tatu.

Wageni huondoka jeneza likishafukiwa, na ndipo wanapokosea. Maziko kwetu ni nusu ya kazi. Siku ya tatu ni lufu. Asubuhi watu wa boma hunyolewa, wajane na watoto mbele, kwa wembe wa dukani na karai la maji, nywele zikidondoka kwenye nyasi huku akina kukhu, bibi zetu, wakielekeza nani afuate nani. Baadaye ukoo mzima huketi, na mzee anayeongoza huuliza: nani alikuwa anamdai marehemu? Watu husimama. Huyu anadai mtamba aliyemkopesha zamani, mwingine anakiri mwenyewe kwamba magunia mawili ya mahindi ya marehemu yako kwake. Mashahidi huulizwa, na wasio na shahidi huketi kwa haya. Hapo hapo huzungumzwa mipaka ya shamba, karo ya watoto na nani atakayemwangalia mjane. Nimeona mahakamani kesi za urithi zikizeeka kuliko waliozifungua, kwa mambo ambayo lufu ingeyamaliza kabla ya jua kuzama.

Na marehemu akiwa mzee wa heshima, wa koo zenye desturi hiyo, kulikuwa na kumuse, hotuba ya kumwaga mbele ya umati. Nasema kulikuwa, ingawa haijafa kabisa. Umati huketi ukiacha njia katikati. Omuswala kumuse, msemaji wa hotuba hiyo, huingia na fimbo yake, amevaa vazi la ngozi na kofia yake, akaanza kutembea: anakwenda, anageuka, anarudi, na maneno yanakwenda na miguu. Hakuna anayelia wala anayemkatiza njia. Huanza mbali, Misri wanakosema wazee tulitoka, ashuke kwa majina ya koo na ya marika, Kolongolo, Nyange, Maina, Chuma. Aweza kufika Lumboka na Chetambe, ngome ambako babu zetu walipigwa na jeshi la Waingereza lililoongozwa na Hobley mwaka 1895. Mwishowe humgeukia aliye hai: mwana mlevi, ndugu mchoyo, mbunge aliyekuja na maturubai. Kazi hii hurithiwa katika koo chache, na hajitokezi mtu tu kwa kuwa ana mdomo. Mzee Manguliechi, omuswala kumuse mashuhuri, aliposimama, watu walitoka Bungoma hadi Kitale kumsikiliza. Wa kimo chake simwoni leo.

Moto wenyewe una sifa mbaya kwetu. Tumezoea kuona unamchoma mwizi aliyevishwa tairi, au nyumba ya anayeshukiwa uchawi. Na aliyepotea, mwili wake usipopatikana, huzikwa shina la mgomba mahali pake. Watu wanaozika hata mgomba hawawezi kuambiwa tu kwamba majivu ni usafi. 

Hata hivyo, tusijifanye kwamba kwetu ni mahali pamoja siku zote. Baada ya uhuru wengi wetu walinunua mashamba ya walowezi Trans Nzoia, na sasa kila msiba una swali lake: Sirisia au Kitale? Wamalwa Kijana, Makamu wa Rais, alizikwa Kitale mwaka 2003 na wala milima haikuporomoka. Wala moto si mgeni kwetu: Peter Okondo, aliyekuwa waziri, Mluhya mwenzetu wa Bunyala, alichomwa mwaka 1996. Kwa hiyo wanaosema moto ni jambo la kabila lingine wasome magazeti ya zamani.

Katika ukoo wetu, binamu mmoja wa Nairobi aliacha barua kwamba achomwe. Kikao kilipoitwa, wazee walitoa laana za kutosha. Senge, shangazi yetu, alinyamaza mpaka walipochoka.

"Senge, wewe unasemaje?" mwana wa marehemu alimwuliza.

"Mwanangu, baba yako ameandika, sitambishia maiti. Nauliza tu, lufu tutaifanyia wapi?"

Hakuna aliyejibu, maana wale waliopiga meza zaidi ndio walioleta mtindo wa kuzika Jumamosi na kupanda matatu Jumapili alfajiri. Mwaka 2020, serikali ilipoagiza maziko ya watu 15 kwa sababu ya korona, tulinung'unika. Marufuku yalipoondolewa, wengi wetu tulikuwa tumeonja ufupi na kuupenda. Sasa kunyoa ni kugusa nywele kwa mkasi, madeni yanaachiwa wakili, na pale pa omuswala kumuse kuna mfawidhi mwenye kipaza sauti anayetambua uwepo wa waheshimiwa. Kaburi limetiwa vigae, na maneno hayakusemwa. Kwa hali hiyo sioni ni nini hasa tunakitetea dhidi ya tanuri. Majivu yaliyorudishwa Sirisia, yakafukiwa, yakakaliwa siku tatu na kunyolewa na kuulizwa madeni, yangekuwa Kibukusu zaidi ya jeneza hilo la Jumamosi.

Kwangu mimi nimekwisha kuandika: nizikwe, na mtu yeyote asiondoke kabla ya siku ya tatu. Kumuse sitasemewa, kwa kuwa ni ya wazee wa kiume. Hilo nalo nina neno nalo, na nikipata nafasi nitawaudhi wazee wangu kwa maandishi.