Baba, mkojo ukisumbua usinyamaze

Mlimaji mmoja wa kahawa wa upande wa Kalehe, mwenye miaka 63, alianza kuamka mara nne, mara tano usiku kwenda kukojoa. Hakumwambia mtu, hata bibi yake. «Nilizania ni uzee tu, tena haya ilinishika,» anasema. Sokoni alinunua dawa ya mizizi, akainywa miezi mingi. Alafu siku moja, katikati ya mavuno, mkojo ulikataa kabisa kutoka. Tumbo la chini likavimba, maumivu yakazidi. Walimpeleka kwa pikipiki mpaka hospitali kuu ya zone. Kule waganga walimuingiza sonda, mkojo ukatoka, akapumua. Lakini kahawa ilibaki inaanguka shambani, na mbuzi wawili waliuzwa ili kulipa.

Tunaandika habari hii kwa sababu katika koperative zetu baba wengi wako na umri kama wake, na wengi wananyamaza vilevile.

Prostati ni nini?

Prostati, au tezi dume, kila mwanaume anayo. Iko chini ya kibofu, inazunguka njia ya mkojo, na inatengeneza sehemu ya maji yanayobeba mbegu ya kiume. Miaka ikipita inakua. Ikikua sana inabana njia ya mkojo, kama vile mtu anakanyaga mpira wa maji. Mara nyingi kukua huku si kansa. Lakini kansa ya prostati nayo iko, na mwanzoni inaweza kukaa bila kuuma. Mwenye kutofautisha ni muganga, si jirani wala muuza dawa wa sokoni.

Nenda kituo cha afya kama:

– unaamka kila mara usiku kukojoa;
– mkojo unachelewa kuanza, unakatika ama unatoka bila nguvu;
– ukimaliza, unasikia kibofu bado kimejaa;
– mkojo unachoma;
– umeona damu katika mkojo ama katika shahawa, hata mara moja tu;
– nguvu za kiume zimepungua. Pengine ni sukari ama tansio inayojificha. Usikimbilie vidonge vya barabarani: kwa mwenye ugonjwa wa moyo vinaweza kuua.

Kama baba yako ama ndugu yako alipata kansa ya prostati, ongea na muganga tangu miaka 45, hata kama hausikii kitu.

Usingoje kesho

Mkojo ukifunga kabisa, ama ukipata homa na kutetemeka pamoja na shida ya kukojoa, nenda siku ileile, hata usiku. Usinywe maji mengi ukizania yatausukuma. Kibofu kitazidi kujaa na figo zinaweza kuharibika.

Watakufanya nini?

Watakuuliza maswali na watapima mkojo. Pengine watapima damu na kufanya ekografi. Muganga anaweza pia kuingiza kidole nyuma ili aguse prostati. Wengi wanaogopa hapo, lakini ni jambo la muda mfupi, na hakuna mtu uanaume wake uliondoka kwa sababu ya kipimo. Kwa wengine vidonge vinatosha, wengine wanahitaji kupasuliwa. Ukifika mapema, uko na njia nyingi za kuchagua.

Koperative inaweza kusaidia

Kama kikundi chenu cha akiba kiko na sanduku la mshikamano, mkubaliane kwamba ugonjwa wa namna hii nao unahesabiwa. Na ninyi mama, mukiona bwana anaamka kila saa, mumuulize kwa upole.

Yule mzee leo anakunywa vidonge na amerudi shambani. Katika mikutano anasimama mwenyewe kusema: «Haya yangu ilinikulia mbuzi wawili. Yenu isiwakulie uzima.»