Peremende za Jumamosi: zilitoka wapi, na nani alilipa



Wazazi wenzangu hapa Hallunda huniuliza mara kwa mara: hawa Waswidi kwa nini watoto wao wanakula peremende Jumamosi tu? Ni dini, au ni ubahili? Ukipita kwenye maduka ya hapa Hallunda siku hiyo utawaona, kila mtoto na mfuko wake, anachota na kupima kwa uzito. Wenyewe wanaita "lördagsgodis", yaani peremende za Jumamosi. Si dini wala si ubahili. Ni matokeo ya utafiti wa kitabibu, na habari yake sehemu moja ni tamu, nyingine chungu.

Miaka ya 1930 meno ya Waswidi yalikuwa mabovu kweli kweli. Mwaka 1938 serikali ikaanzisha huduma ya meno ya umma, Folktandvården, lakini kuziba na kung'oa peke yake ilikuwa sawa na kuteka maji kwa pakacha. Ilitakiwa kujua chanzo. Wapo waliosema ni ukosefu wa vitamini, wengine wakasema ni sukari, na uthibitisho hakuna.

Basi kuanzia mwaka 1945 wakafanya majaribio katika hospitali ya Vipeholm, mjini Lund, walikowekwa watu wenye ulemavu mkubwa wa akili. Walianza na vitamini, kisha mwaka 1947 wakaingia kwenye sukari. Wagonjwa waligawanywa kwa makundi. Kundi moja lilipewa sukari ya maji pamoja na chakula, jingine mkate mtamu, mengine chokoleti au karameli. Lipo lililopewa tofi 24 kwa siku, tofi zilizotengenezwa makusudi zinate kwenye meno.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1954, na hadi leo ndiyo msingi wa ushauri wa madaktari wa meno duniani. Kwa ufupi: hatari haitegemei tu wingi wa sukari uliokula, bali umekula mara ngapi, na imekaa mdomoni muda gani. Waliokunywa sukari pamoja na mlo, meno yao hayakuongezeka sana kuoza. Waliotafuna tofi kati ya mlo na mlo, yalioza vibaya sana.

Sababu yake ni hii. Bakteria wa mdomoni wakipata sukari wanatoa asidi, na asidi hiyo inalainisha gamba gumu la jino. Mate yanaisafisha na kurudisha madini, lakini yanahitaji kama nusu saa au zaidi. Ukila kitu kitamu mara moja, mate yanashinda. Ukidonoadonoa kutwa, mate hayapati nafasi. Ndiyo maana kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 wazazi wakashauriwa: mtoto akila, ale siku moja kwa wiki, kisha basi.

Sasa uchungu. Wale wagonjwa hawakuombwa ridhaa, na wengi hata wasingeweza kuitoa. Meno mazima yaliharibiwa kwa makusudi, na kiwanda cha peremende ni miongoni mwa waliochangia gharama. Na mwaka huohuo wa 1947, hukumu ya madaktari wa Kinazi kule Nuremberg ilikuwa imetamka kwamba ridhaa ya anayefanyiwa jaribio ni sharti la kwanza. Mwanahistoria Elin Bommenel aliandika tasnifu nzima juu ya Vipeholm mwaka 2006. Tusomao mambo ya Afrika tumezoea kudhani watu hutumiwa namna hii makoloni tu. Kumbe hata nchi inayosifiwa kwa ustawi wa jamii ilianza na wanyonge wa nyumbani kwake.

Kwetu sisi lina mafunzo mawili.

La kwanza ni la mezani. Chai yetu ya sukari, ukiinywa pamoja na mlo, si adui mkubwa. Adui ni kikombe cha tano kinachonywewa kidogo kidogo hadi usiku, chupa ya juisi anayolala nayo mtoto, na soda ya kila saa. Tende pia, kwa heshima zake zote, zinanata: zile pamoja na futari, kisha usukutue kwa maji. Mswaki wa mti ni mzuri, tusiuache, ila dawa ya meno yenye floridi inaongeza kinga. Wale wa Arusha na Kilimanjaro wenye meno ya kahawia msiiogope. Madoa yale yanatokana na floridi iliyozidi kwenye maji wakati meno yanaumbwa utotoni. Mtoto mdogo atumie dawa kidogo tu, na afundishwe kuitema. Na tusisahau kwamba hapa Uswidi mtoto anatibiwa meno bure hadi mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 19. Kumpeleka ni haki yake, tusingoje mpaka alie.

La pili ni la karatasi. Ikija barua nyumbani kuomba mtoto wako ashiriki utafiti, usiitupe, na usiisaini kwa haya ya kumwogopa daktari. Tangu mwaka 2004 Uswidi ina sheria ya kupima maadili ya utafiti unaohusu binadamu. Unaweza kuomba uelezwe kwa lugha unayoielewa. Unaweza kukataa. Unaweza kukubali leo na kujitoa kesho bila kutoa sababu, na matibabu ya mwanao hayapungui kitu. Mimi mtafiti nasema hivyo bila kuwaharibia kazi wenzangu, kwani utafiti juu ya afya ya wahamiaji unahitajika sana. Lakini "ndiyo" ina thamani pale tu ambapo "hapana" inawezekana, na watu wa Vipeholm hawakuwa nayo.

Wanetu wanakula faida ya meno yao. Angalau tujue hivyo.

Nawasilisha.