Mtandao na Nguvu ya Raia

Watu wazima wengi hudhani kwamba kijana aliyeinamia simu yake anacheza tu. Mara nyingi ni kweli. Lakini mwezi wa Juni, mwaka 2024, nchi yetu ya Kenya iliona jambo jingine. Vijana wasio na chama, ofisi wala mwenyekiti waliungana kwa njia ya simu, na mwisho wake Mswada uliokwisha kupitishwa na Bunge ukakosa sahihi ya Rais. Nataka kueleza jambo hilo lilitendekaje, kwa kuwa naona wengi wetu twasifu au twalaumu kabla ya kuelewa.

Kazi ya kwanza ilikuwa kusoma. Mswada wa Fedha ulifikishwa Bungeni mwezi wa Mei, na Serikali ilitumaini kupata kwao zaidi ya shilingi bilioni 300. Ndani yake mlikuwamo kodi ya asilimia 16 juu ya mkate, na kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Miswada huandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, nao waisomao ni wachache mno. Mwaka ule watu wenye elimu ya sheria na hesabu waliuchambua kifungu kwa kifungu, wakaueleza katika TikTok kwa video fupi. Wengine waliufasiri kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani. Hivyo hata muuza mboga aliweza kujua kodi ile itamgusa wapi. Huu ndio mzizi wa jambo lote.

Kazi ya pili ilikuwa kuzungumza. Katika X kuna vikao vya sauti, ambavyo ni mfano wa baraza: mmoja husema, maelfu husikiliza, kisha mwingine hupewa zamu. Palikuwa pia na neno moja la kuukataa Mswada, ambalo kila mtu aliliandika mwishoni mwa ujumbe wake. Faida yake ni kwamba aliyedhani yu peke yake alitambua kuwa wenzake ni wengi.

Kazi ya tatu ilikuwa kugawana mambo madogo. Huyu alichora bango, yule aliwapelekea wabunge ujumbe kwa simu, na mwingine alichanga pesa kidogo kwa M-Pesa ili majeruhi watibiwe. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Maandamano yalianza Nairobi tarehe 18 Juni, na siku hiyo hiyo ilitangazwa kwamba kodi za mkate na magari zitaondolewa. Siku mbili baadaye yalienea katika miji mingine. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliukubali Mswada na 106 wakaukataa. Waandamanaji wakaingia ndani ya Bunge, sehemu yake ikachomwa moto, na watu wakapigwa risasi. Kesho yake Rais alisema hatautia sahihi. Kufikia tarehe 1 Julai, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39. Kila mmoja wao alikuwa mtoto wa mtu, na yeyote asemaye juu ya ushindi wa siku zile lazima ayakumbuke makaburi hayo.

Je, njia hii ina upungufu? Naam, unao. Umati usio na kiongozi ni vigumu kununuliwa, lakini saa ya kujadiliana ikifika, hapana awezaye kusema kwa niaba ya wote. Tena uongo husafiri katika njia ile ile ipitwayo na ukweli, na pengine hutangulia kufika. La tatu, umati hutawanyika upesi. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule sheria mpya za kodi zilipitishwa, na baadhi ya mambo ya Mswada wa kwanza yakarudi humo. Safari hiyo barabara zilikuwa kimya.

Kwa maoni yangu, simu hukusanya watu, lakini haiwafanyi wadumu. Kinachodumisha ni mikutano ya mtaani, vikundi vyenye katibu na daftari, na raia wanaofuata kazi ya Bunge mwaka mzima. Katiba yetu ya 2010 yatupa haki hiyo: kifungu cha 37 chaturuhusu kukusanyika kwa amani bila silaha, na kifungu cha 118 chalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kazi zake.

Sisi tulio shuleni hatujafika umri wa kupiga kura, lakini umri wa kusoma tumefika. Basi, wenzangu, ujumbe ukikufikia kwamba sheria fulani yasema hivi au vile, itafute sheria yenyewe, uisome, umweleze mzazi wako kwa lugha aijuayo. Vijana wa 2024 walianzia hapo, na mahali hapo hapazuiliwi na mtu.