Bibi Wawili, Sufuria Moja

Paukwa! Pakawa!

Palikuwa na nyumba moja mjini Morogoro, na katika nyumba hiyo walifika bibi wawili kuwasalimu wajukuu. Mmoja alitoka Tanga, kando ya bahari. Mwingine alitoka Dodoma, katika nchi ya Wagogo. Kila mmoja alikuja na mzigo wake. Bibi wa Tanga alibeba nazi kikapu kizima. Bibi wa Dodoma alibeba karanga, na mfuko wa unga wa kijani: mlenda uliokaushwa juani kisha ukatwangwa.

Jioni mama mwenye nyumba akarudi kutoka sokoni na mafungu ya mchicha. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

"Mchicha ni wa nazi," alisema Bibi wa Tanga, akavuta mbuzi, akaketi, akaanza kukuna.

"Mchicha ni wa karanga, mkwe mwenzangu," alisema Bibi wa Dodoma, na kinu kikaanza kulia.

Binti wa nyumba ile, mwenye umri wa miaka kumi hivi, hakutaka wa nazi wala wa karanga. Alitaka mboga iwekwe motoni kidogo tu na itolewe ikiwa bado inalia kru-kru mdomoni. "Mkiipika sana inakuwa laini kama uji wa mgonjwa," alisema. Bibi wote wawili wakamtazama. Kwa hilo walikubaliana: mtoto huyu hajui mboga.

Sasa, wajukuu zangu, nani kati ya watatu hawa alikuwa sahihi? Msijibu haraka. Kwanza tufunue sufuria.

Majani ya kijani yaliyokolea, mchicha ukiwemo, yana betakarotini, kitu kile kile kinachoipa karoti rangi yake. Mwili huigeuza betakarotini kuwa vitamini A, ambayo macho huihitaji ili kuona kwenye giza na mwili huihitaji ili kupambana na maradhi. Lakini betakarotini haiyeyuki katika maji. Huyeyuka katika mafuta. Ukila mchicha uliochemshwa kwa maji na chumvi peke yake, nyingi ya betakarotini hupita tumboni na kwenda zake bila kukufaa. Tui la nazi lina mafuta. Karanga zina mafuta. Kwa hiyo Bibi wa Tanga na Bibi wa Dodoma, waliokuwa wakibishana pande mbili za jiko, walikuwa wakifanya jambo moja, na wala hawakufundishwa na maabara yoyote.

Kwa nini basi mmoja ashike nazi na mwingine karanga? Ardhi ndiyo iliyowachagulia. Tanga hupata mvua zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na minazi husimama kila upande. Mtoto wa pale hujua tangu mdogo kwamba tui jepesi huingia kwanza, likaivisha mboga, na tui zito huingia mwishoni huku mwiko ukizunguka polepole ili lisikatike. Dodoma mvua ni kama nusu ya hiyo, nayo huja kwa msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Majani hujaa kwa miezi michache, kisha nchi hukauka. Ndiyo maana Wagogo wakawa mabingwa wa kukausha mboga: mlenda huchumwa wakati wa mvua, huanikwa, hutwangwa, na huliwa wakati ambapo huwezi kuona jani bichi hata moja shambani. Ukienda Kigoma, au ukavuka ziwa hadi mashariki ya Kongo, utakuta mafuta ni ya mawese, mekundu, kwa kuwa huko michikichi ndiyo inayostawi.

Na mlenda wenyewe! Wapo watu wanaouona unavyoteleza wakasogeza sahani mbali. Wengine hawawezi kumaliza wiki bila huo. Utelezi wake ni utomvu ulio ndani ya majani, na upekecho ukizungushwa ndani ya chungu utomvu huo huachia na kuwa mzito. Ugali wa mtama au uwele, ulio mgumu na mkavu, hushuka kooni kwa raha ukichovywa humo. Aliyekula ugali wa namna hiyo tangu utotoni huona mboga isiyoteleza ina upungufu. Namwelewa kabisa.

Turudi kwa yule binti na mboga yake inayolia kru-kru, maana naye ana hoja.

Siku moja simama kando ya jiko mtu mzima anapopika sukuma wiki, utazame rangi. Majani yakigusa joto, kwa dakika moja au mbili hung'aa kijani kuliko yalipokuwa bustanini. Hiyo ni kwa sababu hewa iliyojificha kati ya chembe za jani imetoka, na sasa unauona ukijani wenyewe, unaoitwa klorofili. Katikati ya kila molekuli ya klorofili kuna atomi moja ya magnesi. Endelea kupika. Asidi iliyo ndani ya jani lenyewe huachiliwa na joto, huisukuma nje ile magnesi, na rangi hugeuka kuwa ya kijani iliyofifia, yenye ukahawia. Ukifunika sufuria, asidi inayoruka na mvuke hurudi ndani na kuharakisha kazi hiyo. Ukitia nyanya nyingi au ndimu mapema, vivyo hivyo.

Wengine hutia magadi. Magadi hupambana na asidi, kwa hiyo mboga hubaki ya kijani, na tena hulainika upesi sana. Lakini magadi huharibu vitamini C na vitamini B1. Ukitia kidogo kwenye mlenda, ambao mila yake ndiyo hiyo, sitakukataza. Ukitia kwenye kila sufuria ya mchicha ili tu upendeze macho, hapo sikubaliani nawe.

Vitamini C haipendi joto la muda mrefu, na huyeyuka katika maji. Mboga iliyopikwa kwa dakika chache huibakiza zaidi kuliko ile iliyochemka nusu saa. Basi binti alikuwa sahihi kwa upande wake. Na hapa nasema wazi maoni yangu: kuchemsha mchicha kwa maji tele halafu kuyamwaga ni kumwaga chakula. Mchicha wenyewe una maji ya kutosha. Uoshe, ukatekate, uutie kwenye kitunguu kilichokwisha kukaangwa, na utajitoa maji yake bila kuombwa. Kabichi nayo ina sababu yake ya kutokawia motoni: ina salfa ndani yake, na ikipikwa muda mrefu hutoa ile harufu nzito inayojaza nyumba mpaka barazani. Mtoto anayesema hapendi kabichi, huenda haipendi harufu hiyo tu.

Lakini kuna jambo la ulimi ambalo sufuria haiwezi kulieleza peke yake.

Mwaka 1931 mwanakemia mmoja huko Marekani, Arthur Fox, alikuwa akimimina unga fulani katika maabara, na vumbi likaruka hewani. Mwenzake akalalamika kwamba vumbi lile ni chungu mno mdomoni. Fox hakuonja uchungu wowote. Wakashangaa, wakaonja tena kwa makusudi, na jibu likawa lile lile: mmoja anaona uchungu mkali, mwingine haonji kitu. Wakajaribu kwa watu wengine, na watu wakagawanyika mafungu mawili. Baadaye, mwaka 2003, wanasayansi wakaitambua jeni inayohusika, ambayo mtu huirithi kwa wazazi wake. Na kabichi, sukuma wiki na ndugu zao wana vitu vinavyofanana kwa umbo na ule unga wa Fox. Kwa hiyo ndugu wawili wanaweza kula sahani moja, mmoja akasema ni tamu na mwingine akasema ni chungu, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Watoto, kwa jumla, huhisi uchungu zaidi kuliko watu wazima. Hiyo si deko. Lakini ulimi hujifunza pia, na huanza mapema ajabu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, mama wajawazito huko Marekani walikunywa maji ya karoti katika miezi ya mwisho ya mimba. Watoto wao walipoanza kulishwa uji wenye ladha ya karoti, walikunja uso kidogo kuliko watoto wa mama waliokunywa maji matupu. Na kwa mtoto aliyekwisha kukua, chakula kigeni huhitaji kuonjwa mara nyingi, mara 8, 10, hata 15, kabla hajakizoea.

Wazee wa magharibi ya Kenya walikuwa na njia yao ya kuushika uchungu. Huko kuna managu, ambayo sisi Tanzania tunaiita mnafu au mnavu, na kuna saga. Zote mbili zina uchungu wa kweli. Mpishi wa huko huzipika, akatia maziwa au malai, akaziacha zilale, akazipasha tena kesho yake, na uchungu ukawa mpole. Wengine huchanganya majani: la uchungu na la upole katika chungu kimoja.

Kutoka upande huo wa Kenya alitoka mtoto mmoja ambaye mwili wake ulikataa maziwa, mayai na samaki. Akakulia kwenye mboga za majani. Alipokuwa mkubwa akasomea kilimo, akakuta mboga zile zile zilizomlea zinaitwa magugu na chakula cha maskini. Hakukubali. Huyo ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ambaye amezitafiti mboga za asili kwa miaka mingi, mbegu zake, virutubishi vyake na namna ya kuzipika. Leo managu na saga zinauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi. Na mwaka 2021 UNESCO iliiweka kazi ya Kenya ya kuokoa vyakula vya jadi katika orodha yake ya mifano mizuri ya kulinda urithi.

Basi kila mtu apike atakavyo? Hapana. Kuna jani moja ambalo halimsikilizi mtu anapenda nini.

Muhogo uliletwa Afrika na Wareno kutoka Amerika ya Kusini katika karne ya 16. Majani yake ndiyo kisamvu. Kongo wanayaita sombe au pondu, Rwanda ni isombe. Ni matamu sana, na mabichi yana sumu. Chembe za jani ni kama nyumba yenye vyumba: chumba kimoja kina linamarini, kingine kina kimeng'enya. Vikiwa vimetengana, hakuna kinachotokea. Ukitwanga jani, kuta huvunjika, viwili hivyo hukutana, na gesi ya sianidi hutoka. Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu utaratibu wa kulipika una maana. Tunataka gesi hiyo itoke, ipae, itokomee hewani kabla hatujala. Ukichemsha majani mazima kwanza, moto huua kimeng'enya, na linamarini, isiyoogopa joto, hubaki ndani ya mboga. Kwa hiyo kinu hutangulia, sufuria hufuata. Twanga mpaka iwe laini kabisa, kisha chemsha muda mrefu sufuria ikiwa wazi. Nazi, karanga, mawese, kunde: hayo ndiyo ya kuchagua, na huja baadaye. Waliogundua utaratibu huu hawakuwa na hadubini. Walikuwa na kinu, na walikuwa makini.

Bibi wa Tanga na Bibi wa Dodoma waligawana mafungu. Jioni ile palipikwa sufuria mbili, na binti akapikiwa ya kwake ndogo ya tatu, dakika chache tu motoni. Alionja zote.

Nanyi, mboga ikiletwa msiipende, msiseme "sipendi mchicha". Semeni hampendi ulivyopikwa leo, kisha mwingie jikoni mumwombe bibi, mama au baba awaonyeshe namna nyingine. Na kama ni kisamvu, shikeni mchi mumsaidie kutwanga kwanza.