Programu za bure za kujifunza Kijapani

Programu za bure za kujifunza Kijapani ni programu za kompyuta na simu, pamoja na michezo, zinazomwezesha mtu kujizoeza lugha ya Kijapani bila kulipa. Nyingi hutungwa na watu wanaojitolea.

Kwa msemaji wa Kiswahili matamshi si kikwazo kikubwa, kwa kuwa Kijapani nacho kina vokali tano na silabi nyingi huishia kwa vokali. Inabidi tu kuangalia urefu wa vokali: *obasan* ni shangazi, *obaasan* ni bibi. Ugumu uko kwenye maandishi. Hiragana na katakana zina alama 46 za msingi kila moja, lakini orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida ina alama 2,136 tangu mwaka 2010, na nyingi husomwa kwa namna zaidi ya moja. Ndiyo maana programu nyingi zimelenga kukariri.

== Kamusi ya JMdict ==

Mwaka 1991 Jim Breen wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, alianzisha faili la maneno lililoitwa EDICT. Baadaye likakua kuwa JMdict, yenye maingizo zaidi ya 170,000. Leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia, hata katika bidhaa ya kuuzwa, mradi ataje chanzo. Mradi wa KanjiVG vilevile hutoa michoro ya mpangilio wa mistari ya kanji. Tagaini Jisho, kamusi ya bure ya kompyuta, imejengwa juu ya hazina hizo mbili.

Kwa hiyo kabla ya kulipia programu inafaa kusoma ukurasa wake wa maelezo. Ikiwa inataja JMdict na KanjiVG, anachouziwa mtu ni mpangilio na mazoezi. Maneno yenyewe yanapatikana bure.

== Anki ==

Anki ilitolewa na Damien Elmes mwaka 2006. Jina lake ni neno la Kijapani (暗記) lenye maana ya kukariri. Programu huonyesha kadi yenye swali. Mwanafunzi akikumbuka jibu, kadi hurudi baada ya siku kadhaa, kisha wiki, kisha miezi. Akisahau, hurudi mapema. Anayeruka siku nyingi hukuta kadi zimerundikana, na wengi huacha hapo. Kuanza na kadi mpya chache kwa siku hupunguza mrundikano huo.

Anki ni programu huria na ni ya bure kwenye kompyuta. Kwa simu za Android ipo AnkiDroid, nayo ya bure, lakini toleo la iPhone linauzwa. Programu nyingine zenye majina yanayofanana si za mradi huu.

== Michezo ==

Michezo mizuri ya bure ni michache. Unaojulikana ni Slime Forest Adventure, ambamo mchezaji huwashinda maadui kwa kuandika matamshi ya alama zinazotokea. Hufaa kwa kutambua alama, si kwa sarufi.

== Kwa Kiswahili ==

JMdict ina tafsiri za Kiingereza, na kwa sehemu za Kijerumani, Kifaransa, Kirusi na lugha nyingine kadhaa, lakini si Kiswahili. Shirika la utangazaji la Japani, NHK, limetoa masomo ya sauti ya Kijapani yenye maelezo ya Kiswahili. Kwa upande wa Anki, mtumiaji anaweza kuandika kadi zake mwenyewe kwa Kiswahili na kuwagawia wengine.