Sura ya Sita: Bakteria Waliojificha Ndani ya Seli

Kipimo cha kawaida cha kujua antibiotiki ipi itamfaa mgonjwa si kigumu kukieleza. Bakteria waliooteshwa kutoka kwenye mkojo au damu hupakwa juu ya agari, kisha karatasi ndogo za duara zenye dawa hubandikwa juu yake. Sahani hulazwa kwenye joto la nyuzi 35 hadi kesho yake. Dawa iliyofanya kazi huacha duara tupu kuizunguka karatasi, na mtaalamu hupima upana wake kwa rula na kuulinganisha na jedwali.

Kipimo hiki kinataka bakteria aote kwenye agari. Klamidia wanaosababisha trakoma na maambukizi ya zinaa hawaoti hapo, kwa sababu huzaliana ndani ya seli hai tu. Riketsia wanaoenezwa na kupe, viroboto na chawa wako vivyo hivyo.

Kuotesha seli kwanza

Kwa klamidia, mtaalamu huanza kwa kuotesha tabaka la seli kwenye visahani vyenye vishimo. Anaweka bakteria, kisha anazungusha visahani kwa mashine ili wabanwe dhidi ya seli na kuingia kwa wingi. Halafu anaongeza antibiotiki, kila kishimo kikipata nusu ya kiwango cha kilichotangulia, na kimoja anakiacha bila dawa ili kiwe cha kulinganishia. Pamoja nayo huwekwa kemikali inayozuia seli kutengeneza protini zake, lakini isiyowagusa bakteria, ili virutubisho viwabakie wao.

Baada ya saa 48 hadi 72, seli hupakwa kingamwili zenye rangi inayong'aa. Kwenye kishimo kisicho na dawa, darubini huonyesha vifuko vya kijani vilivyojaa klamidia ndani ya seli. Kiwango kidogo kabisa cha dawa ambacho hakuna kifuko kinachoonekana ndicho kinachoandikwa kuwa kimezuia ukuaji.

Lakini kuzuia si kuua. Kwa hiyo dawa huoshwa na seli zilezile huhamishiwa kwenye seli mpya zisizo na dawa. Vifuko vikitokea tena, bakteria walikuwa wamenyamazishwa tu.

Dawa isiyovuka ukuta

Salmonela wa homa ya matumbo huota vizuri kwenye agari, ila mwilini hujificha ndani ya makrofaji, seli zenye kazi ya kumeza vijidudu. Gentamisini huwaua kirahisi kwenye sahani, lakini huingia ndani ya seli kwa shida. Ndiyo maana miongozo ya maabara inaonya kwamba salmonela asiripotiwe kuwa anatibika kwa gentamisini, hata duara likiwa pana.

Watafiti wameugeuza udhaifu huo kuwa zana. Wanaambukiza makrofaji, kisha wanamwaga gentamisini ili iwaue bakteria waliobaki nje. Walio ndani husalimika, na hao ndio wanaojaribiwa kwa dawa nyingine. Mwishoni seli hupasuliwa kwa sabuni laini, kilichomo hupandwa kwenye agari, na makoloni huhesabiwa.

Dawa inayoingia lakini inashindwa

Homa ya Q, iliyoelezwa mara ya kwanza Australia mwaka 1937 na ambayo imethibitishwa pia kwa wagonjwa wa homa waliolazwa Moshi, husababishwa na Coxiella burnetii. Bakteria huyu huishi katika kifuko chenye asidi ndani ya seli, pH ikiwa karibu 5. Doksisaiklini hufika humo, lakini humzuia tu bila kumuua.

Mwaka 1992 watafiti wa Marseille, Ufaransa, waliongeza kwenye seli zilizoambukizwa kemikali za kupunguza asidi, klorokwini ikiwa mojawapo. Katika mazingira hayo mapya, doksisaiklini iliwaua bakteria. Agari ya kawaida isingeweza kulionyesha jambo hilo, kwa kuwa haina kifuko wala asidi yake.

Kwa hiyo msomaji anapoona majibu yameandikwa kwamba dawa inafanya kazi, aulize ilijaribiwa wapi: kwenye sahani au ndani ya seli. Jibu hilo hubadilisha matibabu. Leo homa ya Q iliyoshambulia vali za moyo hutibiwa kwa doksisaiklini pamoja na haidroksiklorokwini, kwa muda usiopungua miezi 18.