Sauti ya Chuoni kwenye Jukwaa la Taarabu

Mwimbaji wa kaswida anapoingia kwenye taarabu, mambo matatu hubadilika: maneno, ala na hadhira. Sauti hubaki ile ile. Kijana wa Tibirinzi, mjini Chake Chake, aliyelelewa na chuo cha Kurani na maulidi, akionekana anaimba arusini kwa udi na fidla, watu hunong'ona kuwa ana jini wa sauti, au kuwa ameiga Wazungu. Madai yote mawili hayana msingi.

Jini hahusiki hata kidogo. Msomaji wa tajwidi, yaani kanuni za kusoma Kurani, hufunzwa tangu utotoni mahali pa kutamkia kila herufi, madda ya kuvutwa harakati mbili na ile inayofika sita, na pa kupumulia bila kuharibu maana. Kazi hiyo ikirudiwa kila siku kwa miaka, hukomaza pumzi, sikio na ulimi. Anayemsifu jini humnyima haki yake maalimu aliyefundisha na mtoto aliyejifunza.

Sikio ndilo linalofaidi zaidi. Usomaji wa kuvutia, kaswida na taarabu vyote huchota kwenye maqamu, yaani ngazi za sauti, za Kiarabu: Rasti, Bayati, Hijazi, Sika, Saba, Nahawandi. Katika Bayati, hatua ya pili iko takriban robo tatu za toni juu ya ya kwanza, hivyo huangukia katikati ya vibonye viwili vya kinanda cha kawaida. Katika Rasti, hatua ya namna hiyo ni ya tatu. Fidla, udi na ganuni huzifikia hatua hizo. Kinanda kisichorekebishwa hakizifikii. Aliyezoea kuzisikia chuoni huzishika bila kutafuta, ilhali aliyejifunzia kwenye kinanda huteleza hapo hapo.

Dai la kuiga Wazungu nalo huvunjwa na historia. Taarabu ya Unguja ilipata sura yake kutokana na mvuto wa Misri tangu enzi ya Sultani Barghash, na kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kiliasisiwa mwaka 1905. Huko Misri kwenyewe, Umm Kulthum, binti wa imamu, alianza kwa kuimba mashairi ya dini pamoja na baba yake vijijini kabla ya kuvuma Cairo.

Baada ya sauti, zamu ni ya maneno, na hapa hakuna mfano unaomzidi mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880 na kuhamia mjini mwaka 1911. Kikundi chake kilikuwa na Maalim Shaaban, ambaye cheo chake ni cha chuoni. Mwaka 1928 Siti alikwenda Bombay kurekodi santuri za HMV, na taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu ikavuma kwa Kiswahili. Wimbo wake "Kijiti" ulisimulia mauaji ya mwanamke na kesi iliyofuata. Utunzi wa namna hiyo hudai kila neno lisikike, kama vile Barzanji, kisomo cha maulidi, inavyodai kila tukio la maisha ya Mtume lifike masikioni bila kumezwa. Ndiyo maana matamshi safi yalikuwa nguzo ya taarabu ya Siti, na ndiyo maana mwimbaji anayekokota maneno kwa madoido humpoteza msikilizaji, hata sauti ikiwa tamu namna gani. Siti alifariki mwaka 1950, na kipimo hicho hakijapitwa na wakati.

Ala huleta mgogoro wa kweli. Wanazuoni wengi huruhusu dufu. Ala za nyuzi wengi huzikataza, na wengine huona tofauti. Hilo ni suala la fikihi, na halitatuliwi kwa uvumi wa mtaani.

Hadhira nayo hubadilika. Kwenye maulidi watu husimama pamoja wakati wa kiyamu. Kwenye taarabu kila mmoja huinuka kwa wakati wake kwenda kutunza. Mwimbaji aliyezoea kuitikiwa na jamaa sasa hujibiwa na mtu mmoja mmoja. Wapo wasikilizaji wa maulidi wanaomwacha kwa kuingia kwake kwenye taarabu. Hofu ya kuachwa hivyo waliijua hata waimbaji wa injili wa Marekani: mwaka 1956 Sam Cooke, mwimbaji wa Soul Stirrers, alirekodi wimbo wa kidunia kwa jina la Dale Cook asiwaudhi wasikilizaji wa kanisani. Mwaka uliofuata akatumia jina lake mwenyewe, na "You Send Me" ukashika nafasi ya kwanza.